Njia na kisima cha pamoja: tuchangieje wakati kipande hakina mwenyewe kwenye karatasi?

Jirani wa Madale
Wakuu, naomba ushauri. Tuko viwanja tisa huku Madale, Dar es Salaam, nane vimejengwa. Tulinunua kwa mzee mmoja aliyekata shamba lake, kila mtu ana hati yake. Katikati aliacha njia ya ndani na kipande chenye mkorosho, kisima na simtanki, akatuambia "hiki ni chenu wote".

Tunachanga 30,000 kwa mwezi: LUKU ya pampu, mlinzi, na moramu njia ikiharibika. Masika haya maji yamekula ukingo mpaka bomba la kisima linaning'inia hewani. Fundi anasema bila mtaro wa mawe, mvua zijazo zitalikata. Mzozo umeanzia hapo. Wa nyumba ya kwanza anasema gari lake haliingii ndani, njia haimhusu. Mwenye kiwanja kitupu hatoi chochote. Halafu wiki iliyopita watoto wa mzee wamekuja kupigilia vigingi kwenye kile kipande. Nianzie wapi?

Mama wa Goba
Pole sana jirani. Kwetu ugomvi ulipungua tulipotenganisha matumizi. Njia na mtaro ni sawa kwa kila kiwanja, kiwe kimejengwa au hakijajengwa, maana kiwanja kisicho na njia nani atakinunua? Maji kila nyumba ifunge mita yake ndogo, ilipie ilichotumia. Mlinzi walipe wanaoishi hapo. Na daftari la michango lisikae kwa mtu mmoja.

Mpima Ardhi
Mama kasema vizuri kuhusu hela, ila msijenge huo mtaro kabla hamjajua kipande ni cha nani. Nendeni halmashauri na namba za viwanja vyenu, muone mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji. Kikiwa eneo la wazi, ni mali ya umma: familia haiwezi kukiuza, na nyie hamwezi kujimilikisha. Kikiwa na namba ya kiwanja, fanyeni upekuzi kwa msajili wa hati, yaani muangalie kwenye daftari lake kimeandikwa jina la nani. Kikisomeka kwa jina la mzee, ahadi ya mdomo haitawafikisha mbali, dai uhamisho wa maandishi. Mkiona dalili za kuuza, wekeni zuio kwa msajili mapema, ili kisihamishwe jina kimyakimya.

Kaka Sheria
Naongezea. Kuna watakaokutajia ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Hiyo inahusu jengo lililogawanywa, kama ghorofa lenye wamiliki wengi. Nyie mna viwanja, kila kimoja na hati yake. Njia yenu ni kuunda umoja wenye katiba, kisha mkasajili wadhamini wake RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wadhamini waliosajiliwa wanaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Bila hivyo kipande kitaandikwa jina la jirani mmoja, naye akifariki mtaanza upya na warithi wake. Mkigombana, anzeni baraza la kata, lakini tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Uamuzi utatoka baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Mkaazi wa Ruiru
Huku Kenya mitaa midogo mingi hutumia kampuni ya usimamizi. Kila nyumba ina hisa, ardhi ya pamoja iko kwa jina la kampuni, na ukiuza nyumba hisa inaenda na mnunuzi. Shida ni mjenzi kuchelewa kukabidhi hizo hisa. Msimalize kumlipa kabla hajakabidhi.

Niko Muscat
Mimi ndiye yule jirani wa kiwanja kitupu, ila mtaa mwingine. Nilikuwa sitoi kwa sababu nilitumiwa kiasi cha kulipa tu, bila maelezo. Siku walipoanza kutuma risiti na picha ya kazi kila mwezi, nikalipa hata ya nyuma. Mjaribuni hivyo kabla ya vitisho.

Jirani wa Madale
Nawashukuru wote. Nimefungua mkataba wangu wa mauziano, kwenye mipaka umeandika "kaskazini: njia na kisima cha pamoja". Haya maneno yana uzito?

Mpima Ardhi
Yana uzito. Kusanya mikataba ya wenzako uone kama yote inasema hivyo, toa nakala. Vipigeni picha vile vigingi leo kabla havijang'olewa, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Jumatatu asubuhi muwe halmashauri.