Wiki tatu za skrini nyeusi, kumbe ni alama moja ya kujumlisha!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Anayetaka uzi wa adabu apite tu, huu haumhusu.

Nina kompyuta ya mkononi, ile ya kukunja, skrini inchi 5, kibodi ya kubonyeza kwa vidole gumba, prosesa ya ARM ya biti 64. Ilinadiwa kwamba ni mashine ya Linux kwa watu wa Linux: mfumo wa wazi, kila kitu chako, fungua uchokonoe upendavyo. Ilikuja na mfumo waliouunda watengenezaji wenyewe juu ya kerneli 4.9 (kerneli ni kiini cha Linux, ndicho kinachoongoza vifaa vyote). Kerneli hiyo ilitoka Desemba 2016 na huduma yake ilikoma Januari 2023, kwa hiyo nimenunua mashine mpya yenye moyo wa marehemu. Lakini ilifanya kazi. Waifai ilishika, sauti ilitoka, ukifunga kifuniko inalala, ukifungua inaamka. Sikuwa na neno.

Kisha wakatoa sasisho kubwa, kerneli 6.1, kwa mbwembwe zote. Nikapakua imeji, yaani faili la mfumo mzima, nikaiandika kwenye kadi ya kumbukumbu (ndiko kuflashi), nikawasha. Nembo ikatokea kama sekunde mbili, halafu giza. Taa ya nyuma ya skrini nayo ikazima. Nikasubiri dakika kumi nikiitazama kama mtu aliyemkosea mkwe.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakasema niflashi upya. Nikaflashi upya, giza. Wakasema nibadilishe kadi. Nikabadilisha, giza. Wakasema kadi zangu zote ni feki. Nikazipima kwa f3, programu ya kukamata kadi feki, kadi moja baada ya nyingine, zote safi. Nikawatumia na sha256 ya imeji, yaani alama ya kidole ya faili, kuonyesha kuwa faili nililopakua ni lile lile waliloweka wao, herufi kwa herufi. Wakakaa siku nne, wakarudi na jipya: huenda skrini imekufa, niitume kwao kwa gharama yangu.

Skrini imekufa vipi wakati nembo inaonekana kila nikiwasha? Nembo hiyo inachorwa na butiloda, programu ndogo inayoanza kwanza, kabla kerneli haijashika usukani. Na nikirudisha kadi ya zamani yenye 4.9, skrini inawaka kama kawaida. Skrini gani inayokufa ikiona namba ya kerneli?

Na ninyi wakuu mna lenu, msijifiche nyuma ya kampuni. Kila nilipouliza jibu lilikuwa "flashi upya mkuu". Nimeflashi mara tisa. Kuflashi si uchunguzi. Kitu kile kile kikiandikwa mara tisa kinatoa matokeo yale yale mara tisa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza logi, yaani kumbukumbu za mfumo, inasema nini.

Ila na logi yenyewe wamehakikisha huipati. Kwenye amri za kuwashia kerneli wameweka quiet na loglevel=0, kwa hiyo hata skrini ingekuwa hai usingeona mstari. Logi za mfumo zinaandikwa kwenye RAM tu, eti kulinda kadi isichakae. Ukizima, zimepotea. Pini za siriali, za kusomea logi kwa waya kutoka kompyuta nyingine, zipo kwenye bodi, nimezifungua nikaziona, lakini hazina maandishi yoyote ya kuonyesha ipi ni ipi wala ni volti ngapi. Bodi nyingine siriali yake ni volti 3.3, nyingine 1.8. Ukibahatisha na adapta isiyo sahihi unaunguza prosesa kwa mkono wako mwenyewe. Sikubahatisha.

Kilichoniokoa ni kitaa cha Caps Lock.

Usiku mmoja nimekaa na giza langu, nikabonyeza Caps Lock kwa hasira tu. Kitaa kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazima. Wakuu, kwenye terminali tupu isiyo na madirisha, kitaa kile hakijiwashi chenyewe. Kibodi inapeleka habari kwa kerneli, na kerneli ndiyo inayoamuru kitaa kiwake. Maana yake kerneli iko hai, kibodi iko hai, mtu yuko ndani ya nyumba ila taa ya sebuleni ndiyo haiwaki. Wiki mbili nzima nimeambiwa mashine imekufa!

Basi kama iko hai, lazima kuna mahali inangoja niandike jina. Nikaanza kuchapa gizani. Nikaandika root, jina la msimamizi wa mfumo, nikabonyeza Enter, nikahesabu hadi tatu, nikaandika nenosiri, Enter. Nikaandika poweroff, amri ya kuzima. Kimya sekunde tano hivi, kisha kitaa cha chaji kikabadilika na mashine ikazima. Niliruka kwenye kiti, na sioni aibu kusema.

Nikawasha upya. Sasa kazi yenyewe, kuihifadhi logi kwenye faili ndani ya kadi kwa kuchapa bila kuona, kwa vidole gumba, kwenye kibodi ambayo alama ya > inahitaji vitufe vitatu kwa pamoja:

dmesg > /root/a, cp /proc/config.gz /root/, sync, poweroff

Mara ya kwanza haikuzima, nilikosea mahali. Ya pili haikuzima. Ya tatu nikabonyeza Ctrl+C kwanza kufuta takataka, nikaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, ikazima. Nikachomoa kadi, nikaiweka kwenye kompyuta nyingine ya Linux, na faili langu lilikuwepo. Hapa kuna jambo wengi hawalijui: loglevel=0 inazuia ujumbe usiende skrini tu. Kerneli bado inaweka kumbukumbu zake zote ndani, na dmesg inazitoa. Hawakuzifuta, walizifunika kitambaa.

Nikasoma. Kwenye mistari ya skrini kulikuwa na maneno haya: deferred probe pending. Kwa lugha ya kawaida, kidhibiti cha skrini kimesema "mimi niko tayari, ila nangoja mwenzangu". Mwenzake ni draiva ya paneli yenyewe, yaani programu ya kuiongoza skrini, na hiyo haimo ndani ya kerneli, imewekwa kama moduli ya kupakiwa baadaye. Haikupakiwa. Nikaendelea kushuka: hakuna waifai, hakuna sauti. Hata adapta ya mtandao ya USB niliyokuwa nimeichomeka nikitumaini kuingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine, ilionekana kama kifaa lakini hakikupata draiva. Zote ni moduli. Kwa hiyo tatizo si skrini. Hakuna moduli hata moja iliyoingia.

Nikarudi mstari wa kwanza kabisa wa logi, ule ambao huwa tunauruka:

Linux version 6.1.43+

Kisha nikafungua kadi, nikaangalia ndani ya /lib/modules. Kuna folda moja tu, inaitwa 6.1.43.

Mmeiona? Kerneli inajiita 6.1.43 na alama ya kujumlisha. Inapotafuta moduli zake inaingia kwenye folda yenye jina lake kamili, na folda hiyo haipo. Jirani yake isiyo na alama imejaa moduli zote, skrini, waifai, sauti, zimekaa tu zinangoja kuitwa. Alama moja! Wiki tatu za maisha yangu, kadi nne, barua pepe kumi na moja, na kuambiwa nitume mashine kwa gharama yangu, kwa sababu ya alama ambayo mtoto anafundishwa pamoja na kuhesabu vidole.

Nikabadilisha jina la folda, nikaendesha depmod kupanga upya orodha ya moduli, nikawasha nikiwa na uhakika. Giza. Nikaingia kipofu tena, nikatoa logi tena. Safari hii moduli zilionekana ila zilikataliwa: kila moduli imebeba ndani yake jina la kerneli iliyojengwa nayo, na kerneli ikiona jina halifanani, haiipokei. Maana yake kerneli na moduli walizoziweka kwenye imeji moja hazikutoka kwenye ujenzi mmoja. Mtu alijenga moduli siku moja, akajenga kerneli siku nyingine, akavikusanya, akaviita sasisho. Na hakuwasha hata mashine moja kwa imeji ile aliyotupa sisi. Angewasha mara moja tu angeliona giza kama mimi.

Sasa njooni kwenye kinachonichoma zaidi.

Ile alama haiji kwa bahati mbaya. Mfumo wa ujenzi wa kerneli unaiweka wenyewe pale unapojenga kutoka kwenye hazina ya git (inayotunza historia ya msimbo) ambayo imeongezewa mabadiliko juu ya toleo rasmi. Ni kama muhuri unaosema: hii si 6.1.43 ya watu wote, hii imeguswa. Hawataki ionekane, waandike make LOCALVERSION= na alama haiji. Hawakufanya hata hilo.

Kwa hiyo wameigusa. Vizuri, ni haki yao. Kerneli ya Linux iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya Juni 1991, na leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kuibadilisha na hata kuiuza. Sharti lake ni kwamba ukimpa mtu kerneli iliyojengwa, umpe na msimbo kamili uliotumika, au umpe ahadi ya maandishi ya kumpa akiomba, ahadi inayodumu angalau miaka mitatu. Na "kamili" leseni imeieleza yenyewe, hadi hati za kuongozea ujenzi na usakinishaji zimo.

Wao kwenye ukurasa wao wameweka kifurushi kilichoandikwa "msimbo wa kerneli". Nimekipakua. Nimepakua na 6.1.43 rasmi ya kernel.org. Nimeendesha diff -r, amri ya kuonyesha tofauti, kati ya folda hizo mbili. Haikutoa kitu. Hakuna faili la kuielezea bodi hii, hakuna draiva ya paneli, hakuna mstari mmoja walioandika wao. Wametupa kitu ambacho kila mtu duniani tayari anacho, wakakiita chao. Hiyo ndiyo "mfumo wa wazi".

Nilichofanya mwisho, kwa wenye mashine kama hii waliokwama: nilichukua mipangilio yao kutoka kwenye ile config.gz, nikajenga kerneli kutoka kwenye kifurushi chao kitupu. Kwa kuwa hakina historia ya git, alama haikuja, jina likatoka 6.1.43 safi, na moduli zao za kwenye kadi zikalikubali. Faili la dtb, lile linaloieleza kerneli bodi ina vifaa gani, nikatumia lile lile la kwao. Skrini ikawaka! Maandishi yakiwa yamelala ubavu, maana paneli yenyewe imejengwa kusimama wima kama ya simu, lakini fbcon=rotate:1 ilimaliza hilo. Waifai ikaja. Sauti ikaja.

Usingizi ndio umegoma. Nikiiweka ilale kwa s2idle, usingizi mwepesi, inaamka, ila inakaa vuguvugu mfukoni na betri inaisha kama vile iko macho. Nikiiweka kwenye deep, usingizi mzito, inalala na haiamki tena, mpaka ushikilie kitufe cha kuzimia. Kerneli ya zamani ilikuwa inaamka. Hivyo kazi ya kuiamsha waliifanya, ipo kwenye yale mabadiliko waliyokalia. Nimewaandikia kuomba msimbo, nikataja leseni na kifungu cha 3. Wakajibu kwamba mfumo uliorekebishwa na mteja hauna waranti.

Sijaomba waranti.

Ombi langu kwenu: mwenye mashine ya aina hii aendeshe cat /proc/version, itamwonyesha jina kamili la kerneli yake, na aweke matokeo hapa. Nataka kujua wangapi tuna alama hiyo. Na tafadhali, atakayeandika "flashi upya" nitamjibu vibaya.

NYONGEZA, siku mbili baadaye: Kuna mdau amenidokeza nipakue imeji upya. Nimepakua. Jina la faili ni lile lile, toleo ni lile lile, tarehe kwenye ukurasa ni ile ile, lakini sha256 si ile niliyokuwa nayo. Wameibadilisha kimya kimya, bila tangazo, bila hata "samahani" kwa mtu waliyemwambia kadi zake ni feki. Nimeiandika kwenye kadi, nimewasha. Skrini inawaka. Nimeangalia jina: 6.1.43, alama imetoweka.

Nikafunga kifuniko, nikaiacha saa nzima kwenye deep, nikafungua. Imeamka.

Nimepakua na kile kifurushi cha msimbo tena sasa hivi, nikaendesha diff -r. Haijatoa kitu.