Msaada: hii "cabe dudar" niiwekeje kwa Kiswahili?

Mtafsiri_Arua
Wakuu, shikamooni. Padre mmoja kutoka Meksiko anafundisha falsafa huku kwetu, na nimepewa mhadhara wake juu ya wanafalsafa wa shaka niutafsiri. Wanafunzi hawajui Kihispania. Nimekwama hapa: "Cabe dudar de todo, incluso de la duda." Kamusi inasema *caber* ni kutoshea, kuenea. Mwenzangu anashikilia "Yapasa kutilia shaka kila kitu, hata shaka yenyewe." Moyo wangu unakataa. Mnasemaje? Jumatatu inatakiwa.

Boda_wa_Wandegeya
Teksi ya watu 14 imejaa, kondakta anaita "bado nafasi ipo!" Hiyo ndiyo *caber*. 😂

Mzee_wa_Jinja
Moyo wako uko sawa, ndugu. "Yapasa" ni amri, na amri hiyo inaua mhadhara wote. Sextus Empiricus, mwanafalsafa wa shaka wa Kigiriki wa kale, aliwagawa watafutaji mafungu matatu: wanaodai wamekwisha kuipata kweli, wanaodai haipatikani, na wanaoendelea kutafuta. Mwenye shaka halisi ni huyo wa tatu. Ukimwambia ni lazima atilie shaka, umeshamhamishia kwa wenye kudai. Andika "Inawezekana kutilia shaka kila kitu", basi.

Dada_Gulu
Mzee, kwa heshima, "inawezekana" nayo ina kasoro. Wengi wataisoma kama "huenda". Huyo wa boda anatania lakini amegusa penyewe: "Pana nafasi ya kutilia shaka kila kitu, hata shaka yenyewe." Tazama Wahispania wanavyosema *no cabe duda*, yaani shaka haina nafasi. Sisi tunasema "hapana shaka", na ile *pa* ya mahali imo tayari! Kiswahili kimekurahisishia kazi.
Ila usiibandike kila mahali. *Cabe señalar que* ni "inafaa kutaja kwamba", labda ndiko mwenzako alikolitoa lile "yapasa". *Cabe preguntarse*, weka tu "tunaweza kujiuliza".

Mzee_wa_Jinja
Hiyo "pana nafasi" imenishinda, mwanangu. Naichukua.

Mtafsiri_Arua
Asanteni sana, dada umeniokoa. Aya ya chini kuna *suspender el juicio*. Nimeweka "kusimamisha hukumu".

Dada_Gulu
Hapana, hapo wanafunzi watadhani mtu amekata rufaa Mahakama Kuu. Ni ile *epokhe* ya Wagiriki: hoja za pande mbili zimelingana uzito, mtu haegemei huku wala kule. "Kujizuia kuamua" inatosha. Mara ya kwanza ifafanue kwa sentensi moja, halafu endelea nayo hivyo hivyo mpaka mwisho.

Boda_wa_Wandegeya
Mwenzako naye akishikilia "yapasa", mwambie pana nafasi ya kumtilia shaka.