Kubadilisha oili ya Toyota IST nyumbani

Swali: Ndugu zangu, nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE na ninataka kubadilisha oili mwenyewe. Je, niimwage injini ikiwa baridi, na niweke lita ngapi?

Jibu: Washa injini dakika chache tu ili oili iwe nyepesi, kisha uizime. Ukibadilisha na filta, huingia takriban lita 3.7, anza na 3.5, washa, zima, subiri kidogo, ndipo upime kwa dipstiki (kijiti cha kupimia kiwango cha oili).

Jibu: Naongezea, ndugu yangu, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Hakikisha pia kwamba mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini, kwa sababu filta mpya ikifungwa juu yake oili itavuja.

Muulizaji: Ahsanteni. Oili chafu je?

Jibu: Ipeleke gereji inayokusanya, usiimwage mtaroni.