Kisasi cha Shylock na Barabas: ni dini au ni mali?

Pazia_Jekundu: Wakuu, nalinganisha tamthilia mbili za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza: Myahudi wa Malta ya Marlowe, na The Merchant of Venice ya Shakespeare, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi. Barabas wa Marlowe na Shylock wa Shakespeare, wote Wayahudi matajiri, wanataka kulipiza kisasi kwa Wakristo. Kinachowasukuma ni dini au mali? Na je, ile hotuba ya Shylock, "Myahudi hana macho?", inatosha kuonyesha kwamba Shakespeare anawatetea Wayahudi?

Mzee_wa_Jukwaa: Mkuu, kabla ya kutafuta nia, panga matukio. Kwa Marlowe, Ferneze, gavana wa Malta, anadaiwa na Waturuki kodi ya miaka 10. Anawaita Wayahudi peke yao: kila mmoja atoe nusu ya mali yake, anayekataa abatizwe, anayekataa na ubatizo anyang'anywe vyote. Barabas anakataa, na alipogeuka akasema basi nitatoa hiyo nusu, anaambiwa kachelewa. Nyumba yake inafanywa makao ya watawa. Hayo yote yako tendo la 1, naye hajamgusa mtu. Kwa hiyo "dini au mali" ni swali linalokwama, maana dini ndiyo ufunguo gavana aliofungulia sanduku la pesa.

Angalia pia kisasi kinapopotea njia. Kumwua mtoto wa gavana kunaeleweka. Lakini kuwapelekea watawa chungu cha uji wa mchele wenye sumu, na bintiye Abigail aliyejiunga nao akiwemo, si kumlipiza Ferneze tena. Kuwamaliza mapadri wawili baada ya hapo ni kufuta nyayo tu. Anayeandika kwamba Barabas "analipiza kisasi" mwanzo hadi mwisho hajasoma tendo la 4.

Ratili_Moja: Kuhusu hotuba ya Shylock: iko tendo la 3, onyesho la 1. Jessica, bintiye Shylock, ameshatoroka na mpenzi wake Mkristo, Lorenzo, kabeba pesa na vito, na wanaozungumza na Shylock wamekuja kumcheka. Kosa la kawaida ni kunukuu macho, mikono na damu, halafu kukata. Isome hadi mwisho: mkitudhulumu, tusilipize? Tena anasema somo hilo amelipata kwa Wakristo wenyewe. Anajenga hoja ya kudai ratili yake (karibu nusu kilo) ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara Mkristo aliyeshindwa kumlipa deni, kama mkataba wao ulivyosema. Kuiita ombi la kuvumiliana ni kumsingizia.

Kama ni mali, mahakamani Bassanio, rafiki ambaye Antonio alimkopea pesa hizo, anamwekea dukati 6,000 kwa deni la 3,000, anazikataa. Sasa tazama hukumu. Portia, mke wa Bassanio aliyejifanya mwanasheria, anamruhusu nyama bila tone la damu, kisha anatoa sheria ya mgeni aliyetaka kumwua raia: nusu ya mali kwa Antonio, nusu kwa dola. Mtawala wa Venisi anamwachia uhai. Sharti la kubatizwa linatoka kinywani mwa Antonio, mtu mwema wa mchezo! Mali na ubatizo kwa pamoja, kama kwa Ferneze.

Pazia_Jekundu: Asante sana. Je, nimtaje daktari Lopez?

Mzee_wa_Jukwaa: Mtaje, kwa tahadhari. Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi na tabibu wa malkia, alinyongwa Juni 1594 kwa tuhuma za kutaka kumpa sumu, na mwaka huohuo mchezo wa Marlowe ulirudishwa jukwaani London. Hilo linaeleza hali ya watazamaji, halithibitishi kilichomfanya Shakespeare aandike. Kumbuka Wayahudi walifukuzwa Uingereza 1290; wengi ukumbini walimjua Myahudi wa hadithi tu. Riba nayo haikuwa ya Wayahudi pekee: baba yake Shakespeare alishtakiwa kwa riba mwaka 1570.

Ratili_Moja: Nyongeza kuhusu jina. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja, yaani Antonio, si Shylock. Nyerere kaweka wingi, tena "mabepari". Ukitumia tafsiri yake, liseme hilo mapema, kwa sababu wingi huo unawatia wote kwenye kapu moja, mkopeshaji na mkopaji.