Nafanya biashara Jiji, nalala nje ya mpaka. Hela ninayolipa inamhudumia nani?

MamaVitenge

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Naomba kueleweshwa na wanaojua haya mambo ya halmashauri maana mi ni muuza vitenge tu.

Kibanda changu kiko Mwanza mjini kati, maeneo ya Makoroboi. Nyumba iko nje ya mpaka wa Jiji, wilaya nyingine kabisa, tulinunua kiwanja huko 2017 kwa sababu mjini bei zilikuwa hazishikiki, na majirani zangu karibu wote ni hivyohivyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko kituoni tunagombania daladala, usiku ndo tunarudi kulala. Leseni nakatia mjini, ushuru nalipia mjini, hela ya taka nalipia mjini. Nina kopo la biskuti limejaa risiti za ile mashine ya mkononi, za zamani zimefifia hata hazisomeki ila sijawahi kutupa hata moja.

Sasa mwanangu wa pili yuko darasa la tatu huko tunakokaa. Darasani kwao wamepita mia na kitu na wanasoma kwa zamu. Juzi kaja na daftari maandishi yote yamelala upande mmoja, kumuuliza anasema anakaa chini, akiandika anaegemeza daftari mgongoni kwa mwenzake, wakimaliza wanabadilishana. Nilishindwa kula siku hiyo. Kikao cha wazazi tumeambiwa tuchangie tofali na mi nitachanga, siyo tatizo, ila najiuliza, mwaka mzima nalipa halmashauri, kwa nini ile hela haifiki anakosoma mtoto? Silaumu mtu hapa, nataka kuelewa tu inavyokwenda.

MzeeWaLeja

Marahaba mwanangu. Mimi nimefanya kazi kwenye fedha za halmashauri miaka ishirini na kitu, mikoa tofauti, sasa nimestaafu nalima mpunga. Swali lako nimelisikia vikaoni mara nyingi ila sijawahi kusikia mtu akiliuliza vizuri kama wewe ulivyoliuliza, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Hela ya halmashauri ina mafungu mawili makubwa. La kwanza ni ruzuku ya serikali kuu kutoka Hazina, humo ndo kuna mishahara ya walimu na manesi na miradi mingi mikubwa. Hili ndo kubwa kuliko lingine kwenye halmashauri karibu zote. La pili ni mapato ya ndani, yaani leseni, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa mazao, nyumba za wageni, na ule ushuru wa huduma ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Hayo ya ndani yanabaki kwenye halmashauri iliyoyakusanya. Hayavuki mpaka. Wewe unalipa Jiji, yanaingia akaunti ya Jiji, yanapangiwa bajeti na madiwani wa Jiji. Diwani wako wa nyumbani hana kauli kwenye hela hiyo hata shilingi.

Sasa angalia ramani yetu. Mpaka 2012 Nyamagana na Ilemela zilikuwa chini ya halmashauri moja ya Jiji, mwaka huo Ilemela ikapewa manispaa yake. Wakati wa sensa ya 2012 wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 706,453 kwa pamoja. Sensa ya 2022 wakafika 1,104,521. Na hapo hujahesabu waliomwagikia nje, Kisesa iko Magu, Usagara iko Misungwi, ukipita barabarani huoni mji unaishia wapi, nyumba zimeshikana, ila kwenye vitabu vya hesabu ni halmashauri nyingine kabisa.

Na hizo halmashauri za wilaya zilijengwa kwa ajili ya vijijini. Chanzo chao walichokizoea ni ushuru wa pamba, mpunga, dengu. Kwanza ushuru wenyewe ulipunguzwa 2017 kutoka asilimia 5 ikawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, kwa mkulima ilikuwa nafuu na mimi leo ni mkulima nashukuru, lakini kwa mweka hazina ni pengo. Pili, na hili watu hawalioni, shamba la pamba likikatwa viwanja ushuru wa pamba unakufa palepale. Kiwanja kinauzwa mara moja basi. Halafu juu ya hicho kiwanja anakuja kukaa baba, mama na watoto wanne wanaotaka shule, zahanati, na mtu wa kuzoa taka, na duka lao liko Makoroboi. Chanzo kimeondoka, gharama imekuja, na vyote viwili vimetokea kwenye heka moja ileile.

Kwa hiyo kwa kifupi hela yako inabaki unakofanya kazi na mahitaji yako yanabaki unakolala.

Nyakato_Boy

Mzee heshima yako, nimesoma mara mbili. Ila kuna ya LUKU pia, ule umeme wa kulipia kabla, mi niko Nyakato kila mwezi wananikata 1,500 kodi ya jengo, na jirani mwenye ghorofa anakatwa 7,500 kila sakafu. Si hiyo ni kodi ya nyumba? Si ndo ingefaa kubaki hapa mtaani kwetu maana nyumba haihami?

Na kingine kwa nini wasisogeze tu mpaka wa Jiji, Kisesa iingie, Usagara iingie, mambo yaishe

MzeeWaLeja

Kijana umegusa penyewe. Kodi ya majengo zamani ilikuwa ya halmashauri. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ikapelekwa TRA, yaani mamlaka ya mapato ya serikali kuu, 2021 ikaingizwa kwenye LUKU kwa 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi hiyo 1,500 unayokatwa. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo sikatai, sisi tulikuwa tunazunguka na makaratasi ya uthamini na watu wanatufungia mbwa getini. Lakini inaingia mfuko mkuu, halmashauri inasubiri igawiwe. Kodi ya kiwanja nayo ni ya serikali kuu. Kwa mji unaolala tu, usio na viwanda wala soko kubwa, nyumba ndo mali yake, sasa ukiiondoa hiyo unabaki na nini? Kwa maoni yangu hili ndo kosa kubwa kuliko yote tuliyojadili hapa, na ningekuwa na nafasi ya kuongea na wakubwa ningeanzia hapo.

Kuhusu mpaka, mimi siafiki sana. Ukiusogeza leo hadi Kisesa, miaka kumi ijayo watu watakuwa wameshapita Nyanguge wanajenga. Na hiyo Magu unayoinyang'anya Kisesa unaiachia nini? Itabaki na vijiji ambavyo ndo vinahitaji zaidi. Dar kulikuwa na halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote kwa ajili ya mambo yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu na stendi ya Ubungo, ikavunjwa Februari 2021 na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Ilikuwa na matatizo yake ila walau palikuwa na meza moja. Sisi meza tuliyonayo ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na jina lake ndo hilo, inashauri, haina mfuko wa kugawana.

Kigongo_Busisi

Mwangaluka wote. Mi niko Usagara nina gereji. Jamani haya mambo huku ndo yanaanza kwa kasi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, zamani mtu wa Sengerema na Geita alikuwa anakaa foleni ya kivuko anakunywa chai mbili, sasa hivi anapita dakika chache tu, na wote wanatokea hapa Usagara. Hapo hujaweka reli ya SGR pale Fela. Viwanja vilivyokuwa vinauzwa kwa hatua saa hizi watu wanakuja na wanasheria.

Nachoomba viongozi wetu wafanye sasa hivi kabla hatujajibana, wapime viwanja mapema na watenge maeneo ya shule na soko na stendi ya malori wakati ardhi bado ipo. Kama Ilemela walivyopata stendi ya Nyamhongolo na Jiji wakajenga Nyegezi upya, basi likiingia linaacha hela palepale. Malori yanayolala huku barabarani usiku hayaachi hela yoyote, wanaacha oili chafu tu kwenye mtaro.

DagaaMwaloni

Naongezea moja, mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sisi kikundi chetu tunauza dagaa Mwaloni Kirumba ila wanachama saba kati ya kumi tunakaa nje ya manispaa. Tulipoenda kuomba tukaambiwa tuombee kwenye halmashauri tunakoishi. Sawa, tukaenda. Fungu la huko ni dogo maana asilimia 10 ya kidogo ni kidogo, na tuko vikundi vingi tumepanga foleni. Ushuru wetu wa kila siku unakuza fungu la mahali ambapo hatuwezi kuomba. MamaVitenge dada yangu nimekuelewa kabisa.

MamaVitenge

Asanteni sana jamani, mzee Mungu akuweke. Kwa hiyo nimeelewa kwamba hata mkurugenzi wa kule kwetu akiwa malaika hawezi kuishika hela yangu ya mjini. Basi niulize la mwisho, mi kama mzazi nifanye nini kinachowezekana mwaka huu huu, siyo cha kusubiri sheria ibadilike? Na barabara yetu je, maana mvua ikinyesha bodaboda wanagoma

MzeeWaLeja

Barabara usihangaike na halmashauri, tangu 2017 ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na wao wana fungu lao likiwemo lile la shilingi 100 kwa lita ya mafuta lililoongezwa 2021. Andikeni barua kupitia kijiji, pigeni na picha mvua ikinyesha, taja jina la barabara inapoanza na inapoishia, barua isiyo na hivyo inawekwa pembeni.

La shule sikiliza. Darasa moja kwenye zile fedha za UVIKO (korona) za 2021 lilihesabiwa milioni 20. Hiyo ni hela ya miradi kutoka juu, na halmashauri inaombea kwa takwimu. Watoto wa kwenu waliohamia baada ya sensa ya 2022 hawamo kwenye idadi ya watu inayotumika kugawa mafungu mengi, sensa nyingine ni hadi miaka kumi ipite. Ila wanafunzi wanahesabiwa kila mwaka shuleni. Kwa hiyo hakikisheni uandikishaji wa darasa la kwanza unaandikwa wote, hata waliokuja mwezi wa tatu, na kamati ya shule ipeleke idadi ya watoto na ya madawati kwa maandishi kabla vikao vya bajeti havijaanza, siyo Juni wakati madiwani wameshapitisha.

Pia mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na lazima msomewe mapato na matumizi. Mnaorudi usiku hamhudhurii, naelewa, ila mkutano ukikosa akidi unaahirishwa na hela inaendelea kutumika. Ombeni ufanyike Jumapili mchana baada ya ibada.

MamaVitenge

Jumapili inawezekana kabisa. Mwenyekiti namfahamu, mke wake mteja wangu. Kesho kabla sijapanda gari napita kwa mwalimu mkuu nichukue idadi ya darasa la tatu peke yake nianzie hapo, nitaandika na madawati. Nikipata nairudisha hapa mzee unisaidie kuandika barua