Tupeane uzoefu: saladi ya matunda na jamii ya kunde bila kuwasha jiko

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, poleni na baridi. Mvua zimekata, parachichi na epo zimejaa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na mimi mpangaji wa chumba kimoja hapa Uyole gesi imeniishia. Wiki nzima nimekula saladi na nimeipenda kweli.

Naloweka choroko kikombe kimoja usiku. Asubuhi namwaga maji, nafunika kwa kitambaa kibichi, nasuuza kwa maji safi asubuhi na jioni. Dar zingechipua kwa siku mbili, huku kwetu ni tatu hadi nne. Zikitoa mkia nachanganya na epo iliyokatwa vipande, karoti ya kukwangua, limau na chumvi, kisha karanga za kukaanga za kununua. Parachichi linaingia mwisho kabisa, na limau ndilo linalolizuia kuwa jeusi. Wenzangu mnatumia nini?

Mdau, Iringa mjini
Kamwene. Naomba niwaonye kuhusu maharage. Mwaka jana niliyaloweka maharage mekundu, nikayamwagia maji ya moto kwenye chupa ya chai hadi asubuhi. Yalilainika vizuri, nikayatia kwenye saladi. Saa mbili hazikupita nikaanza kutapika, na mdogo wangu naye akafuata. Zahanati walitueleza kwamba maharage mabichi yana sumu yake, kuloweka hakuiondoi, na moto mdogo haufai. Lazima yatokote kabisa, dakika 10 au zaidi, ndipo uendelee kuyaivisha. Asiye na jiko aachane nayo, au anunue ya kopo, hayo yameshaivishwa.

Mdau, Mbeya
Naongezea hapo. Mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana maharage yetu yanamaliza mkaa. Msiyaonje kabla hayajaiva.

Mdau, Njombe
Kwetu ni njegere changa. Tulipokuwa wadogo mama akitupa sinia tumenye, nusu ziliishia mdomoni, tamu kama sukari. Sasa nazimenya mbichi hivyo hivyo, naweka peasi na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi. Chagua ganda la kijani linalong'aa; likishaanza kukunjamana, punje zake ni unga mtupu.

Mdau, Tukuyu
Ndaga. Limau likikosekana natumia pasheni mbili, mbegu na vyote. Parachichi halibadiliki rangi haraka na utamu unakuja wenyewe. Jaribuni na ndizi mbivu iliyo ngumu kidogo.

Mdau, Mafinga
Mke wangu ni mjamzito, mkunga alimkataza choroko mbichi zilizochipua kwa sababu unyevu ule ule unaozichipusha unakuza na vijidudu. Zake nazipitisha kwenye maji yanayotokota. Wenye watoto wadogo fanyeni vivyo hivyo.

Mwenye mada
Ndugu yangu wa Iringa, pole sana wewe na mdogo wako, na asante. Nilikuwa na maharage nusu kilo nimeyaloweka toka jana, nimeyapeleka kwa mama mwenye nyumba yachemke kwenye jiko lake. Wa Njombe, jioni nimepata njegere za kumenya sado moja. Peasi sijazipata, natumia epo.