Holda ya roli kwenye kamera ya 4x5: ukingo mmoja wa picha unatoka na ukungu

Mvukuto_Ngara:
Salamu wadau. Kamera ni ya 4x5 (inchi), mgongo wa Graflok, yaani wa kubana holda kwa vibanio, lenzi za milimita 90 na 150. Filamu za karatasi (za kipande kimoja kimoja) zinagharimu sana, kwa hiyo nimehamia mkanda wa filamu wa 120 kwa holda ya roli ya 6x7 (sentimita) ya mitumba, ile ya kubana mgongoni baada ya kutoa kioo cha ukungu, yaani kioo cha kupangia picha na fokasi. Napiga majengo ya katikati ya jiji la Nairobi, hasa jumba refu la KICC na maktaba ya McMillan, mara nyingi kwa f/22 (uwazi mdogo wa lenzi).

Shida ni hizi: baadhi ya picha, si zote, zina ukungu kwenye ukingo mmoja ilhali kiooni kila kitu kilikuwa kikali. Picha ya 4 na ya 5 zimepandana. Halafu picha za adhuhuri zina mstari wa mwanga. Naomba pia mnieleze jinsi ya kuchora mipaka ya 6x7 kwenye kioo. Ahsanteni.

KiooNaKitambaa:
Karibu. Nianze na mipaka maana ndiyo rahisi. Usichore 60 kwa 70. Dirisha la holda nyingi za 6x7 lina upana wa takriban milimita 56, na urefu hutofautiana kidogo kati ya holda na holda. Pima dirisha lenyewe kwa rula, kisha pima umbali wa kila upande wake hadi ukingo wa bamba la holda, kwa sababu si lazima dirisha liwe katikati kabisa. Hamisha vipimo hivyo hadi upande wa kioo uliokwaruzwa, yaani unaotazama lenzi, kwa penseli laini ya 2B. Penseli inafutika, wino utakusumbua.

Sasa ukungu. Mkanda unaokaa dirishani muda mrefu hulegea na kuvimba kidogo. Dawa ni kuuvuta mbele wakati uko tayari kupiga, usiuvute mara tu baada ya picha iliyopita. Fuata mpangilio huu:

Panga picha na fokasi ukiwa umefungua lenzi yote, angalia pembe kwa kioo cha kukuza, kaza skrubu zote. Punguza uwazi hadi f/22, funga shata, ikoki. Toa kioo, weka holda, sukuma vibanio vyote viwili hadi mwisho. Hapo ndipo uvute mkanda. Chomoa bamba la giza (kifuniko kinachokinga filamu dirishani), subiri kamera itulie, piga kwa kebo, rudisha bamba. Kwa kuwa shata haijaunganishwa na holda, hakuna kitu kitakachokuzuia kupiga mara mbili juu ya fremu moja. Andika namba ya kila picha kwenye daftari mara tu baada ya kuipiga.

Kingine: kibanio kimoja kikiwa hakijaingia sawasawa, holda inakaa mshazari na ukingo mmoja unapoteza fokasi. Holda hizi ni nzito kuliko za karatasi, kwa hiyo ishike kwa mkono mmoja wakati unabana kwa mwingine, la sivyo unausukuma mgongo wenyewe.

DadaFremu:
Nakubaliana na mpangilio, ila maelezo ya kuvimba yamefika nusu. Mvukuto amesema "baadhi ya picha". Kibanio kilicholegea au mgongo uliosogea ungeweza kufanya hivyo, lakini kuna sababu ya tatu ambayo kuvuta mkanda dakika ya mwisho hakuiondoi.

Katika holda za aina hii mkanda hutoka kwenye spuli, unapinda kuzunguka rola, ndipo unapita dirishani. Ukikaa saa kadhaa, sehemu iliyo juu ya rola inashika mkunjo. Ukivuta, mkunjo ule unaingia ndani ya fremu inayofuata. Kwa hiyo ukivuta na kupiga hapohapo, bado unapiga juu ya mkunjo.

Utautambua hivi: chukua negativu, si picha iliyochapwa, utazame ukungu uko ukingo gani. Ukiwa upande unaopakana na picha iliyotangulia, na ni fremu ya kwanza baada ya mapumziko marefu, ni mkunjo wa rola. Ukiwa upande uleule katika kila fremu, tafuta kosa kwenye vibanio au mgongo. Ukitangatanga, au ukiwa katikati, ni mkanda uliolegea na ushauri wa KiooNaKitambaa unatosha.

Tiba ya mkunjo ni kumaliza mkanda kwa mkupuo mmoja. 6x7 ni picha 10 tu, asubuhi moja inatosha. Ikikubidi kulaza holda ikiwa na mkanda, kesho yake toa fremu ya kwanza kafara: piga kitu kisicho na umuhimu, kisha endelea.

Msijifariji na f/22 pia. Ukikubali duara la ukungu (doa dogo ambalo jicho bado linaliona kama nukta kali) la milimita 0.05 kwa 6x7, filamu inaweza kukosea kama milimita 1.1 mbele au nyuma kwa f/22, lakini 0.28 tu kwa f/5.6. Kama kwa f/22 kosa linaonekana, basi ni kubwa. Jaribu uwazi ukiwa wote: laza rula mshazari wa digrii 45 mbele ya kamera, fokasi alama ya katikati, piga. Ukali ukiangukia karibu na kamera kuliko alama uliyoichagua, filamu iko nyuma ya mahali kioo kilipokuwa. Ukiangukia mbali, filamu iko mbele. Kabla ya kulaumu holda, hakikisha kioo hakijabadilishwa au kuwekwa kinyume, na kwamba hakuna aliyeongeza lenzi bapa ya kung'arisha kati ya kioo na lenzi ya kamera. Hiyo peke yake inahamisha fokasi.

Fundi_Mahameli:
Kupandana kwa picha na mstari wa mwanga ni kazi ya ufundi.

Tafuta mkanda ulioharibika pamoja na karatasi yake. Upakie kama kawaida, alama ya mshale ikilingana na alama ya holda, mkanda ukiwa umekazwa kwenye spuli ya kupokea. Chomoa bamba la giza mchana kweupe, na kila ukivuta, chora mstari kwa kalamu ukifuata kingo za dirisha. Toa, tandaza mezani, pima mapengo. Mapengo mapana yasiyolingana yanamaanisha mkanda unateleza juu ya rola ya kupimia. Fremu zikipandana, ama wenzo haukuvutwa hadi ulipogota, ama kizuizi kinaachia mapema kwa sababu ya grisi iliyoganda au jino lililolika. Grisi inasafishika. Jino lililolika, tafuta holda nyingine. Kama holda ina swichi ya 120 na 220 (mkanda mrefu zaidi), iwe kwenye 120.

Mwanga wa adhuhuri unapita kwenye tundu la bamba la giza, ambamo kuna kitambaa au sponji ya kuzuia mwanga. Ikizeeka inalala au inageuka unga. Pata mahameli nyeusi, maduka ya vitambaa ya Biashara Street yanayo, kata vipande vyembamba, uvibandike kwa gundi kidogo sana. Ikizidi unene, bamba litakwama na kukwangua. Jua la Nairobi la mchana liko karibu utosini, kwa hiyo hata baada ya matengenezo tupia kitambaa cheusi juu ya holda kabla ya kuchomoa bamba, na kama mgongo unazunguka, usielekeze tundu juu.

Mvukuto_Ngara:
Nimetazama negativu: ukungu uko upande wa picha iliyotangulia, tena kwenye picha za kwanza za asubuhi baada ya holda kulala na mkanda. Dada, umelenga. Swali la mwisho: kwa KICC ni afadhali nibaki na 6x7 au nitafute 6x12?

DadaFremu:
Kwa jengo refu baki na 6x7 wima. Lenzi ya 90 yenye duara la picha la milimita 216 inakuruhusu kuipandisha, ili kilele kiingie bila kuinua pua ya kamera, hadi karibu milimita 69 kwa 6x7 wima. Kwa karatasi ya 4x5 wima ungeishia kama 37. Mivukuto na fremu ya mbele vitagota kabla ya duara kuisha. Jua tu kwamba 90 hapo ni lenzi ya kawaida, si pana. Ukikosa nafasi ya kurudi nyuma utahitaji 65, pengine na ubao wa lenzi uliozama ndani na mivukuto laini ya mfuko.

6x12 ni ya mandhari ya mlalo. Upana wake unakaribia ule wa 4x5, hivyo 90 inabaki pana, lakini unapata picha 6 tu kwa mkanda. Ukinunua yenye dirisha jekundu, fuata safu ya namba za 6x6 na usimame kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Na muulize muuzaji kama bamba la holda ni la 4x5. Holda za Graflex, kwa mfano, zilitoka pia kwa kamera ndogo za 2x3, na hizo hazitaziba mgongo wako.